Wazee Kumi na Wanne Walioanguka Februari

Hili lisemwe mapema, kabla watu hawajaanza kumsema: Alfonce, msimamizi wa kambi ya wazee, hakuwahi kukaidi agizo. Serikali ikisema limeni, kambi ililima. Ikisema someni, kambi ilisoma. Ikisema changieni vita, kambi ilichangia kabla hata majirani hawajamaliza kuulizana vita ni ya nani. Laiti angekaidi agizo moja tu, hata lile dogo la kuwafundisha wazee kusoma, angestaafu kwa amani, na neno aliloliandika kwenye daftari juu ya Nyirabahizi lingebaki pale mpaka mchwa walile.

Nyirabahizi alikuwa mama wa Bukiriro, upande wa Ngara. Mwaka wake wa kuzaliwa haukuandikwa popote; mwenyewe alisema kwamba Wajerumani walipoondoka alikuwa msichana wa kutumwa maji. Aliolewa, akazaa watatu, akawazika wote watatu, akamzika na baba yao, akabaki na migomba yake na kazi ya kusuka vikapu. Vikapu vyake vilikuwa na mifuniko iliyochongoka na mistari myeusi, na vilifika mpaka Mbuba kwenye harusi za watu asiowajua. Hakuwa mtu maarufu. Alijulikana kwa vikapu na kwa kutopenda kukatizwa maneno.

Mwaka 1974 watu walihamishiwa vijijini. Viongozi walipita na kamba ya kupimia na karatasi, wakigawa viwanja kando ya barabara, kiwanja kimoja kwa kila kaya. Kwenye karatasi kulikuwa na safu ya nguvu kazi, na ya kaya ya Nyirabahizi ikaandikwa sifuri. Asiye na nguvu kazi hakupewa kiwanja, na asiye na kiwanja hakuwa na kijiji, na asiye na kijiji hakuwa na mahali pa kulala. Karani, mtu mpole kabisa, alipekua karatasi zake kutafuta pa kumweka, akapata neno moja: asiyejiweza. Asubuhi hiyo Nyirabahizi alikuwa amekata mkungu wa ndizi na kuubeba mwenyewe kutoka shambani. Alipakiwa kwenye lori na kikapu chake cha nyuzi, na nyumba yake ikaezuliwa nyuma yake ili asipate hamu ya kurudi.

Alishushwa kwenye kambi ya wazee, wilaya ya Biharamulo, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Lusahunga. Kulikuwa na mabweni manne, jiko, stoo, ofisi, nyumba ya msimamizi, choo, na banda la mbuzi. Hesabu hiyo ikumbukwe, itatumika. Wazee walikuwa karibu thelathini, Wahangaza, Wasubi, Wazinza na Wasukuma, kila mmoja akiota kwa lugha yake na kuomba chumvi kwa Kiswahili. Aliyepatana naye zaidi alikuwa Bulugu, mzee wa Kisukuma aliyehamia kutoka Shinyanga akifuata malisho, ng'ombe wakaisha, kisha na macho yakaisha. Alikuwa kipofu, lakini masikio yake yalifanya kazi ya watu wawili. Alijua kwa mlio wa ndoo kama maji yamejaa au mtu ameibia safari. Bulugu alimwita Nyirabahizi mayu, yaani mama kwa Kisukuma, ingawa walikuwa rika moja.

Alfonce alikuwa na miaka thelathini na minane. Kila asubuhi wazee walipanga mstari mbele ya ofisi na kumpa shikamoo, naye akaitikia marahaba. Aliyesoma haraka asome tena: wazee ndio waliompa shikamoo. Wapo walioweza kuwa babu zake. Kwa mtu aliyelelewa vizuri jambo hilo peke yake lingetosha kufungua kesi, lakini hakukuwa na agizo lolote lililolikataza.

Kisomo kilikuja mwaka 1975. Agizo lilisema kila mtu mzima ajue kusoma na kuandika, na Alfonce alitaka kambi yake isomwe kwenye taarifa ya wilaya. Alifundisha mwenyewe, jioni, ukutani mwa stoo, kwa mkaa. Wengi walishika herufi tano sita wakaridhika. Bulugu alihudhuria kwa kusikiliza na akaandikwa kuwa amefaulu. Lakini Nyirabahizi alizifuata herufi kama alivyofuata nyuzi, moja juu, moja chini, usiruke, na baada ya mwaka mmoja aliweza kusoma chochote kilichokaa mbele yake kwa muda wa kutosha. Alfonce alijivuna naye. Mgeni akija kutoka wilayani, Nyirabahizi aliitwa asome gazeti.

Kisha ikaja vita ya Kagera. Uganda ilikuwa mbali na kambi, lakini sababu ilifika haraka. Sukari haikuja kwa sababu ya vita. Gari la hospitali halikuja kwa sababu ya vita. Blanketi zilizogawiwa mwaka uliopita zilikusanywa zipelekwe kwa askari, na kama zilifika au zilishukia Lusahunga kwa madereva wa malori, hilo nalo halikujulikana kwa sababu ya vita. Alfonce alisimama kwenye mkutano wa kata na kuahidi kwamba kambi yake itachangia jeshi magunia ya maharage. Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza nani atayalima.

Mwezi wa Februari 1979 wazee wote wenye miguu walipelekwa shambani kupiga matuta. Asiyemaliza sehemu yake hakupata uji. Alfonce alipita katikati ya matuta akiwa na mpini wa jembe usio na jembe. Siku ya tatu Nyirabahizi alikaa chini kupumzika.

"Nani amekuambia ukae?" Alfonce akauliza.

"Magoti yangu," akajibu.

Wenzake walicheka, na pengine bila kile kicheko mambo yangeishia kwenye matusi. Mpini ulishuka. Aliinua mkono wa kulia kujikinga, na mfupa wa juu kidogo ya kiganja ukavunjika. Kisha yeye mwenyewe akaanguka ubavu kwenye tuta. Gari la hospitali, kama tulivyosema, lilikuwa vitani. Alifungwa vijiti viwili na kitambaa cha kanga, na mkono ukapona ulivyotaka wenyewe, umepinda kwa nje, vidole viwili vimekauka. Vikapu vikaishia siku hiyo.

Kwa kuwa hakuweza tena kulima, alipangiwa kufagia ofisi kwa mkono wa kushoto. Na kwa kuwa Alfonce alikuwa mtu wa utaratibu, daftari la kambi lilikaa mezani, limefunguliwa, kila jambo kwa tarehe yake. Nyirabahizi alisimama na fagio, akaanza kusoma, silabi baada ya silabi, kama alivyofundishwa ukutani mwa stoo. Nyi-ra-ba-hi-zi. Mko-no wa ku-li-a. A-li-a-ngu-ka.

Akasoma tena kuhakikisha. Akaacha kufagia, akatoka nje, akamwambia Bulugu aliyekuwa amekaa kwenye kizingiti cha bweni.

"Wameandika nimeanguka."

"Nani ameanguka?"

"Mimi."

Bulugu akageukia ilikotoka sauti yake. "Mayu, nilikuwa tuta la pili kutoka kwako."

"Najua."

"Basi watu hawa hawatuogopi kabisa."

Mkono ulimuuma Nyirabahizi, hilo si la kuficha. Siku za mvua uliuma mpaka meno. Lakini mkono ulikuwa umekwisha kuvunjika. Neno ndilo lililomnyima raha. Aliwaza kwamba siku atakapokufa watoto wake hawapo, vikapu vyake vitakuwa vimeoza, na kitakachobaki duniani juu yake ni mstari mmoja kwenye daftari, na mstari huo ni wa uongo. Akaapa kwamba neno lile litafutwa akiwa bado anaweza kulisoma.

Wiki iliyofuata alikwenda Lusahunga na Bulugu, kwa kisingizio cha kutafuta tumbaku. Yeye alikuwa na macho, Bulugu alikuwa na mikono miwili ya kubeba maji ya njiani, wakafika. Pale njia panda, jirani na kibanda cha chai, alikaa Pancras, karani wa mahakama aliyestaafu, akiandikia watu barua za mashauri juu ya meza ya miguu mitatu. Mawakili hawakuruhusiwa kwenye mahakama za mwanzo, kwa hiyo Pancras ndiye aliyekuwa wakili wa barabara ile yote.

"Shikamooni wazee wangu," akasema, na Nyirabahizi alikaribia kulia kwa hilo tu. Alieleza habari yake bila kukatizwa. Pancras aliutazama mkono, akatikisa kichwa.

"Bibi, kesi hii ipo. Kupiga na kujeruhi, na fidia juu yake. Barua ya balozi wako iko wapi?"

"Balozi gani?"

"Balozi wa nyumba kumi. Shauri linaanzia kwa balozi. Yeye anasikiliza, akishindwa anaandika barua, unakuja nayo mahakamani. Nikikuandikia bila hiyo, karani wa sasa atakurudisha kabla hujakaa. Mimi mwenyewe niliwarudisha wengi."

"Sisi hatuna balozi. Tuna msimamizi."

"Basi inabidi upeleke malalamiko kwa msimamizi," Pancras akasema, kisha akasikia alichosema, akaona aibu. "Poleni. Ndivyo utaratibu ulivyo."

Nyirabahizi alimpa kikapu, cha mwisho alichokisuka kabla ya Februari. Pancras alikikataa mara mbili, akakipokea mara ya tatu. Njiani kurudi walivuka kijito.

"Nyumba kumi," Bulugu akasema. "Sisi tuna ngapi?"

Nyirabahizi akahesabu kwa vidole vya kushoto. Mabweni manne. Jiko, tano. Stoo, sita. Ofisi, saba. Nyumba ya msimamizi, nane. Choo, tisa. Akasita kidogo. Banda la mbuzi, kumi.

Mwezi huo katibu wa tawi wa chama alikuja kambini kuwapongeza wazee kwa maharage. Alikuwa mtu mnene, mwenye jasho, aliyefurahi kukaa kivulini. Alipouliza kama kuna mwenye swali, Alfonce alimwonyesha Nyirabahizi kwa fahari, yule mwanafunzi wake.

"Ndugu Katibu," Nyirabahizi akasema, "tumesoma kwenye gazeti kwamba kila mwananchi awe na balozi wa nyumba kumi. Sisi hatuna. Tunauliza tu, ni kwamba chama hakitutaki?"

Katibu alimtazama Alfonce. Alfonce alitazama viatu vyake. Kambi ilikuwa imekaa miaka minane bila shina lake la nyumba kumi, na kwenye taarifa yake hapakuwa na mstari huo. Hakuna lililomtisha Alfonce kama mstari uliosahauliwa.

"Nyumba hazitoshi, Ndugu Katibu," akasema.

"Zipo kumi," Nyirabahizi akasema, akazitaja. Katibu alizifuata kwa macho moja moja, choo na banda la mbuzi vikiwemo. Alikuwa ameona mashina yaliyohesabiwa vibaya zaidi ya hapo.

"Andika, Ndugu Msimamizi," akasema. "Wachague leo hii hii, nami nishuhudie."

Bulugu akachaguliwa kwa kunyoosha mikono, na mkono wake mwenyewe ukiwemo. Alfonce aliandika kila kitu kwa mwandiko mzuri: shina, wakazi wake, nyumba zake kwa namba. Nyumba ya nane: msimamizi. Hivyo ndivyo alivyojiandika, kwa kalamu yake, kuwa raia wa Balozi Bulugu. Haikumpitia akilini. Alikuwa na furaha kwamba taarifa imekamilika.

Siku tatu baadaye aliitwa jikoni kwenye baraza la shina.

Mtu mwingine angekataa kwenda. Alfonce hakukaidi wito wa balozi; ulikuwa halali. Lakini hakuja mikono mitupu. Alikuja na mtungi wa rubisi, pombe ya ndizi iliyoiva vizuri, na mirija ya kutosha watu wote. Akauweka katikati, akasema kwa sauti laini ambayo wazee hawakujua anayo, "Wazee wangu, sisi ni familia moja. Palipoteleza pameteleza. Tunywe, yaishe."

Hapo ndipo ilipokuwa hatari, na kila mtu alijua. Katika nchi ile, Mhangaza, Msubi, Mzinza, wote wako hivyo: ukikosewa, aliyekukosea akaleta mtungi, nawe ukatia mrija wako pamoja na wake ukavuta, umesamehe. Shauri limekwisha. Huwezi kesho yake kwenda mahakamani na harufu ya pombe yake mdomoni. Na wazee hawakuwa wameonja rubisi tangu kabla ya vita. Mirija ikaingia mtungini kama miguu ya ng'ombe mtoni. Wazee kumi na watatu waliokuwa wameonja ule mpini wakavuta, na usiwalaumu kabla hujakaa miezi sita na uji usio na chumvi. Nyirabahizi naye akaingiza mrija wake, akainama, midomo yake ikaushika.

Alfonce akapumua. "Naona tumemaliza, Ndugu Balozi."

"Bado," Bulugu akasema. Alikuwa amegeuza sikio kuelekea mtungini. "Nasikia mirija mingi. Wa mayu sijausikia."

Nyirabahizi akatoa mrija, akaugeuza chini mbele ya wote. Ulikuwa mkavu. Halikudondoka hata tone.

"Shauri halikuisha," Bulugu akasema. "Barua iandikwe iende mahakamani."

Kwenye shina lile aliyejua kuandika barua, ukimwondoa mshtakiwa, alikuwa mmoja. Nyirabahizi aliandika barua ya kesi yake mwenyewe kwa mkono wa kushoto, siku mbili nzima, mistari ikipanda kama njia ya mbuzi. Bulugu akatia dole gumba.

Shauri lilisikilizwa mwezi Juni, vita ilipokwisha na sababu nazo zikaanza kwisha. Hakimu alikuwa mtu mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na pembeni yake wazee wawili washauri wa mahakama. Pancras alikaa mwisho wa ukumbi kama mtu aliyepita tu. Alfonce alikuja amevaa suti yake ya mikono mifupi na daftari kwapani, kwa sababu agizo lilisema aje na kumbukumbu zote.

"Alianguka, mheshimiwa," akasema. "Imeandikwa."

Hakimu akachukua daftari, akasoma. Akageuza ukurasa. Akarudi nyuma.

"Mwezi wa Februari wameanguka wazee kumi na wanne."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Kambi yenu iko mlimani?"

"Hapana, mheshimiwa. Ni tambarare."

Hakimu akaendelea kusoma, kidole kikishuka taratibu. "Huyu Nshoma ni nani?"

"Ni bibi wa bweni la tatu."

"Ameandikwa hapa, 'Alianguka akikimbia kazi.' Na hapa mwanzo, mwaka wa kwanza wa kambi, ameandikwa, 'Nshoma, hawezi kusimama.' Alipona lini?"

Alfonce aliinama kuutazama mwandiko wake mwenyewe. Ukweli ni kwamba alimpiga Nshoma kitandani kwake kwa kusema kwamba hawezi kulima, na alipofika kwenye daftari mkono wake ulikuwa umezoea lile neno.

Kisha akaitwa Bulugu. Mmoja wa washauri alinong'ona kwamba shahidi ni kipofu.

"Mzee, ulimwona mshtakiwa akimpiga mama huyu?" hakimu akauliza.

"Sikuona kitu, mheshimiwa. Nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Nilisikia mbili. Mtu akianguka, inasikika moja. Ni yeye na ardhi, basi. Siku ile nilisikia kwanza mti na mfupa, halafu ndiyo nikasikia yeye na ardhi. Mbili. Kuanguka kulikuwepo, mheshimiwa, msimamizi hakudanganya lote. Ameandika ya pili, ameacha ya kwanza."

Washauri wakainamiana. Walipoinuka walisema kwamba mfupa wa mtu mzima kama yule, aliyekuwa akila kwa mkono huo, ni ng'ombe jike, na hakimu akakubali. Fidia ingetoka kwa ng'ombe ambao Alfonce aliwaweka kwa shemeji yake huko Mbuba. Hakimu akamuuliza Nyirabahizi kama ana la kuongeza.

"Ng'ombe sikumwomba," akasema, "lakini nashukuru. Mimi nataka neno."

Ilichukua muda kumwelewa. Ilipoeleweka, hakimu alimrudishia Alfonce daftari na kalamu. Alfonce alikata neno moja kwa mstari ulionyooka, akaandika juu yake. Nyirabahizi akasogea, akainama juu ya meza ya mahakama, akaweka kidole kilichokauka chini ya wino mbichi, akasoma kwa sauti, silabi baada ya silabi, watu wazima wote wakimngoja. A-li-pi-gwa na m-si-ma-mi-zi.

Halafu akalia. Alilia kwa nguvu, kama mtu aliyezuia tangu lile lori la Bukiriro, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Alfonce alipotaka kutoka ilibidi apite mbele yake. Akasimama, akatazama pembeni.

"Shikamoo, bibi," akasema.

"Marahaba," Nyirabahizi akasema.

Alfonce alihamishiwa kwenye stoo ya mbolea ya wilaya, ambako inasemekana hesabu zake zilikuwa safi sana. Akaja msimamizi mpya, Renatus, mtu mwema na mwoga, na jambo la kwanza alilolikuta kwenye kanuni ni kwamba mwenye mifugo si mtu asiyejiweza, kwa hiyo hastahili kukaa kambini. Akamwandikia Nyirabahizi barua ya kumtaka aondoke yeye na ng'ombe wake. Haki ilikuwa imemgharimu kitanda. Alicheka aliposoma, kicheko kibaya, akaipeleka kwa balozi.

Shina likakaa kikao kimoja kifupi. Iliamuliwa kwamba ng'ombe ni wa ujamaa wa nyumba kumi, si wa mtu yeyote, na kwa kuwa si wa mtu yeyote hakuna anayejiweza. Renatus alisoma azimio hilo mara tatu akitafuta kosa. Akiwa mkazi wa nyumba ya nane alipata naye kikombe chake cha maziwa kila asubuhi, na baada ya wiki akaacha kutafuta. Yeye ndiye aliyewatangulia wazee kwa shikamoo, kila siku, mpaka wengine wakachoka kuitikia.

Nyirabahizi aliishi miaka mitano mingine. Alijaribu kusuka kwa kushoto, vikapu vikatoka vimeegemea upande, na Nshoma akakitumia kimoja kuwekea tumbaku. Aliandikia wazee barua zao, akamsomea Bulugu gazeti, akawa mkali kwa yeyote aliyemkatiza.

Asubuhi moja ya masika ya mwaka 1984 alikwenda bandani kumtazama ndama. Udongo ulikuwa umelowa. Akapatikana chini karibu na hori, nyonga imevunjika, na siku ya tatu akafariki kwa utulivu, akiwa na fahamu zake zote. Wazee walimzika nyuma ya bweni, upande unaotazama Ngara.

Renatus alikaa na daftari tangu asubuhi. Alijua la kuandika, lakini kalamu haikutaka kushuka. Kwenye kambi ile hakuna aliyethubutu kuandika neno lile tangu kesi. Mtu akijikwaa, Renatus aliandika ukurasa mzima na mashahidi. Mwishowe alilibeba daftari mpaka kwenye kizingiti cha bweni, alikokaa Bulugu.

"Shikamoo, mzee. Naogopa kuandika. Siku ile asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nyuma ya banda, nakata kamba."

"Ulisikia?"

Bulugu alikuwa mzee sana kwa wakati huo, na machozi yalimtoka kwenye macho yasiyoona kitu. Aliyafuta kwa nyuma ya kiganja.

"Nilisikia moja," akasema. "Andika ameanguka."